Breki Inavyokula Mafuta: Mwendo wa Dereva na Matumizi ya Petroli

Ukimuuliza dereva ni sehemu gani ya gari lake inayokula mafuta, atataja injini, au atataja kiyoyozi, na kama gari limekaa miaka mingi barabarani atalaumu plagi na nozeli. Ni nadra kumsikia akitaja breki. Hata hivyo, kwa mtu anayeendesha mjini, au katika barabara kuu zilizojaa matuta kama zetu, breki ndipo mahali ambapo sehemu kubwa ya petroli iliyofanikiwa kufika kwenye magurudumu huishia bila kumsogeza popote. Anayelielewa jambo hili hana haja ya kukariri orodha ndefu za mbinu za kubana matumizi, kwa sababu mbinu nyingi kati ya hizo zinachipuka kutoka kwenye shina hili moja.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu mjadala wa mafuta hugeuka kuwa mjadala wa imani. Lita moja ya petroli ina nishati ya takriban megajuli 32. Injini haiwezi kuigeuza nishati hiyo yote kuwa mwendo: karibu asilimia 70 hutoka kama joto kupitia rejeta, bomba la moshi na mwili wa injini yenyewe, na nyingine kidogo huliwa na gia, pampu na alteneta. Kinachofika kwenye magurudumu ni kama robo tu. Robo hiyo, gari likiwa kwenye barabara tambarare, ina kazi tatu: kulipatia gari kasi pale linapoondoka au kuongeza mwendo, kuisukuma hewa iliyo mbele yake, na kuushinda ukinzani wa tairi zinazobonyea zikigusa lami.

Sasa chukua gari dogo, tuseme Toyota IST, lenye uzito wa kilo 1,200 pamoja na waliomo ndani. Likifikia kilomita 50 kwa saa huwa limebeba nishati ya mwendo ya takriban kilojuli 116. Kwa kuwa ni robo tu ya petroli inayofika kwenye magurudumu, injini imelazimika kuchoma mililita 14 au 15 hivi ili kuipata nishati hiyo, yaani kijiko kimoja cha chakula. Dereva akifunga breki mpaka gari lisimame, petroli ya kijiko hicho chote inageuka kuwa joto kwenye diski na pedi, na joto hilo linapotelea hewani. Akiondoka tena, anamimina kijiko kingine. Akifanya hivyo mara 70, lita nzima imekwenda, na wala hatujahesabu mafuta ya kwenda umbali wenyewe. Tena nishati hii haiongezeki sambamba na kasi, bali huongezeka kwa mraba wake: kusimama kutoka kilomita 80 kwa saa kunatupa vijiko viwili na nusu, na kutoka kilomita 100 kwa saa kunatupa vinne.

Sisemi kwamba mtu asifunge breki. Breki ni uhai, na hakuna petroli yenye thamani ya mtoto anayevuka barabara. Ninachosema ni kwamba breki nyingi tunazofunga kila siku hazikusababishwa na dharura yoyote; zilisababishwa na mguu uliokaa kwenye mafuta sekunde kadhaa zaidi ya ilivyohitajika. Mtazame dereva anayetoka Mwenge kuelekea Morocco, jijini Dar es Salaam, wakati wa foleni. Gari la mbele likisogea, anakanyaga mafuta kwa nguvu ili nafasi isiingiliwe, anafika kilomita 40 kwa saa ndani ya mita chache, kisha anafunga breki kwa sababu taa za breki za mbele yake zilikuwa zikiwaka muda wote huo. Kwa macho yake alikuwa anaona kwamba barabara haiendi kokote. Dereva mwingine, katika foleni hiyohiyo, anaacha nafasi ya magari mawili hivi, anaitazama taa ya barabarani iliyo mbali badala ya bampa iliyo karibu, na anajisogeza kwa mwendo mmoja mdogo ambao mara nyingi haumlazimu kusimama kabisa. Ni kweli wataingia watu wawili watatu kwenye nafasi yake, lakini kila gari linaloingia humchelewesha kwa sekunde chache tu, na wote watafika kwenye mataa yaleyale. Idara ya Nishati ya Marekani inaeleza kuwa uendeshaji wa pupa, yaani kukanyaga mafuta kwa nguvu na kufunga breki kwa nguvu, unaweza kupunguza kilomita zinazopatikana kwa kila lita kwa asilimia 10 hadi 40 katika foleni, na kwa asilimia 15 hadi 30 katika barabara kuu. Hakuna kifaa chochote kinachouzwa dukani kitakachokurudishia kiasi hicho.

Kuna jambo la kiufundi ambalo madereva wengi hawajaelezwa, nalo linaongeza uzito wa hoja hii. Karibu magari yote yenye mfumo wa sindano za mafuta unaoongozwa na kompyuta hukata mafuta kabisa pale dereva anapoondoa mguu kwenye mafuta huku gari likiwa ndani ya gia na injini ikizunguka kwa kasi ya kutosha. Katika hali hiyo magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na nozeli hazitoi hata tone. Mafuta huanza kuingia tena pale mizunguko ya injini inapokaribia kiwango cha sailensa, yaani mzunguko wa gari lililosimama likiwa limewashwa. Kwa hiyo dereva anayeona kibao cha 50 au alama ya tuta mita mia mbili au tatu mbele, akaachia mafuta pale pale na kuliacha gari lipungue lenyewe ndani ya gia, anasafiri umbali huo bila kutumia petroli kabisa. Mwenzake anayeendelea kukanyaga mpaka kwenye tuta lenyewe kisha akafunga breki amenunua petroli ya mita hizo hizo mia mbili, halafu akaichoma tena kwenye pedi. Katika safari ya kupita vijiji kumi, kila kimoja na matuta yake, tofauti kati ya madereva hawa wawili huanza kuonekana kwenye mshale wa tenki.

Hapa ndipo linapoanguka kosa moja la zamani, nalo ni la hatari. Wapo wanaoamini kwamba kuweka gia huru kwenye mteremko kunaokoa mafuta. Katika enzi za kabureta, kabla mafuta hayajaongozwa na kompyuta, imani hiyo ilikuwa na mantiki kidogo, leo imepinduka. Gari likiwa kwenye gia huru, injini imetengana na magurudumu, kwa hiyo inalazimika kuchoma mafuta ili isizimike, wakati ambapo ndani ya gia isingetumia chochote. Zaidi ya hapo, dereva amejinyima msaada wa injini katika kulizuia gari, na mzigo wote umeangukia breki ambazo zikipata joto kupita kiasi huacha kushika. Katika mteremko wa Kitonga mkoani Iringa hilo halihitaji maelezo kwa yeyote aliyewahi kushuka nyuma ya lori na kunusa harufu ya pedi zinazoungua. Nchini Kenya, eneo la Salgaa na Sachang'wan kwenye barabara ya Nakuru kuelekea Eldoret lilipata sifa mbaya kwa ajali, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni madereva wa malori kushuka bila gia ili kuokoa dizeli. Dizeli hiyo hawakuiokoa, kwa sababu injini ya dizeli nayo hukatiwa mafuta inaposukumwa na magurudumu. Vivyo hivyo kuhusu kujibana nyuma ya lori ili likukinge upepo: ukinzani wa hewa unapungua kweli, lakini umbali unaohitajika ili faida ionekane ni umbali ambao hautakupa nafasi ya kusimama.

Kutokana na habari ya vijiko, wengine huhitimisha kwamba dawa ni kuondoka taratibu kupindukia, kama vile kuna yai chini ya mguu. Hitimisho hilo si sahihi kabisa. Nguvu ya injini ya petroli hudhibitiwa kwa kibati kidogo kinachofungua na kufunga njia ya hewa. Dereva anapogusa mafuta kwa mbali sana, kibati hicho huwa karibu kimefunga, na pistoni hufanya kazi ya ziada kuivuta hewa kupitia upenyo mwembamba, kama mtu anayevuta pumzi kupitia mrija. Injini hufanya kazi kwa ufanisi zaidi inapopewa mzigo wa wastani huku ikizunguka polepole. Kwa hiyo ondoka kwa mwendo wa kawaida usio wa kivivu wala wa kukurupuka, panda gia mapema, mizunguko ikiwa kati ya 2,000 na 2,500 kwa dakika kwa injini nyingi ndogo za petroli, na ukishafika kasi unayoitaka, itunze. Katika gari la otomatiki, kupunguza mguu kidogo tu baada ya kushika mwendo huiashiria gia ipande mapema. Kilicho muhimu zaidi ni kuchagua kasi ambayo barabara iliyo mbele itakuruhusu kuitunza. Kasi utakayoifutilia mbali baada ya mita hamsini haikustahili kununuliwa.

Mantiki hiyo hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini magari ya haibridi, yaani yanayotumia petroli pamoja na mota ya umeme, kama Toyota Aqua na Prius hufanya vizuri mjini kuliko magari ya kawaida. Dereva akifunga breki kwa upole, mota ya umeme hugeuka kuwa jenereta na kurudisha sehemu ya nishati ya mwendo kwenye betri badala ya kuiacha yote iwe joto. Lakini hata huko hairudi yote, na dereva wa haibridi anayefunga breki kwa ghafla huzilazimisha pedi za kawaida kufanya kazi, hivyo anaitupa faida aliyoilipia wakati wa kununua gari.

Kwenye barabara kuu, hewa ndiyo inayotawala. Ukinzani wake hukua kwa mraba wa kasi: kutoka kilomita 80 kwenda 100 kwa saa unaongezeka kwa asilimia 56, na ukifika 120 unakuwa zaidi ya mara mbili ya ulivyokuwa katika 80. Kwa safari ya kilomita 100 zisizo na kizuizi, 100 badala ya 80 hukuokolea dakika 15. Barabara zetu hazina kilomita 100 zisizo na kizuizi. Anayepaa kutoka Chalinze huishia nyuma ya msururu wa malori kabla ya Morogoro, na pale anafunga breki, vijiko vinne vinakwenda, kisha anaanza kutafuta mwanya wa kulipita kila lori, na dereva wa taratibu aliyemwona kwenye kioo muda mrefu uliopita anamfikia nyuma ya msururu ule ule. Hewa pia ndiyo sababu ya kutoacha keria juu ya paa wakati hakuna mzigo, na ya kufunga madirisha mwendo ukiwa mkubwa.

Suala la madirisha linatupeleka kwenye kiyoyozi, ambacho hulaumiwa kuliko kinavyostahili barabarani na kidogo kuliko kinavyostahili kwenye foleni. Kompresa yake huendeshwa na injini. Katika mwendo wa barabara kuu mzigo huo ni sehemu ndogo ya kazi yote, lakini kwenye foleni ya joto la Januari, gari likiwa halisogei, karibu kila tone linalochomwa ni la kuwapoza abiria. Idara hiyo hiyo ya Marekani inasema katika joto kali kiyoyozi kinaweza kupunguza kilomita kwa lita kwa zaidi ya asilimia 25, hasa katika safari fupi, kwa kuwa muda mwingi wa safari fupi hutumika kulipoza gari lililokuwa limeungua juani. Kuegesha chini ya mwarobaini, na kufungua milango dakika moja ili hewa ya moto itoke kabla ya kuwasha, hupunguza kazi hiyo.

Gari lililosimama likiwa limewashwa linatembea kilomita sifuri kwa lita. Injini ndogo hutumia takriban nusu lita hadi lita moja kwa saa bila kiyoyozi, na kubwa hutumia zaidi. Kuzima na kuwasha upya hugharimu mafuta ya sekunde kumi hivi za kunguruma, kwa hiyo kwenye foleni ya kivuko cha Kigamboni au Likoni, au nje ya shule ukisubiri watoto, zima. Katika foleni inayosogea kila baada ya nusu dakika sioni sababu ya kumshauri mtu azime na kuwasha mfululizo, kwa kuwa stata na betri ya gari la kawaida havikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Upepo wa tairi nitaupitia kwa ufupi, kwa sababu ahadi zinazotolewa juu yake zimezidi ukweli. Kila psi moja (kipimo cha upepo wa tairi) inayopungua katika tairi zote huongeza matumizi kwa asilimia 0.2 tu hivi. Psi kumi ni asilimia mbili. Pima asubuhi tairi zikiwa baridi, fuata kiwango kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, na ufanye hivyo zaidi kwa ajili ya usalama. Kilo 45 za vitu visivyohitajika ndani ya buti ni asilimia moja hivi. Kwa hiyo wanaoendesha taa ya mafuta ikiwa imewaka kwa hoja kwamba tenki tupu ni jepesi wanajidanganya: lita 20 za petroli zina uzito wa kilo 15 tu, ilhali pampu iliyo ndani ya tenki hupozwa na mafuta yaleyale, na ikizoea kufanya kazi mafuta yakiwa chini huungua mapema.

Kuna tabia moja ya gereji ambayo siwezi kuiacha, kwa kuwa inaharibu juhudi zote za dereva. Gari likipata joto kupita kiasi mara moja, fundi hung'oa themostati na kumwambia mwenye gari kwamba katika nchi ya joto haina kazi. Ina kazi kubwa. Themostati huyazuia maji yasipite kwenye rejeta mpaka injini ifikie joto lake la kazi. Ikiondolewa, injini hukaa muda mrefu ikiwa baridi kuliko inavyotakiwa, kompyuta inadhani bado inajiwasha asubuhi, na inaendelea kuongeza mafuta kwenye mchanganyiko. Mwenye gari huanza kubadilisha plagi, kisha nozeli, kisha sensa ya oksijeni, akiisaka hitilafu iliyosababishwa na kifaa cha bei ndogo kilichotupwa kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Jamaa wa Njombe au Limuru, ambako asubuhi ni baridi kweli, huumia zaidi kuliko wa pwani. Ikiwa gari lako linakula mafuta bila sababu na mshale wa joto hauinuki kama zamani, muulize fundi kama themostati ipo kabla ya kununua chochote.

Anayeumia zaidi ya wote, kwa maoni yangu, ni dereva wa daladala. Nchini Tanzania nauli imepangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, hesabu ya jioni, yaani fedha anayopaswa kumkabidhi mwenye gari, imepangwa na tajiri, bei ya mafuta inatangazwa na EWURA, mamlaka ya nishati na maji, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na kwa kawaida mafuta hutoka kwenye makusanyo ya siku kabla yeye na kondakta hawajapata chao. Katika mlolongo huo wote, mguu wake ndio pekee unaobaki chini ya mamlaka yake. Lakini mfumo wa hesabu unamsukuma kukimbilia kituo kinachofuata kabla ya mwenzake, na kila kituo ni breki nyingine ya gari lenye uzito wa tani kadhaa. Basi dogo la tani nne likisimama kutoka kilomita 50 kwa saa linapoteza nishati ya zaidi ya IST tatu kwa mpigo. Kumhubiria dereva huyu uendeshaji mzuri bila kugusa namna anavyolipwa ni kumwonea, na wamiliki wanaolalamika kwamba gari lao linarudi limechoka, pedi zimekwisha na tenki ni tupu wangepaswa kuitazama hesabu wenyewe.

Mwisho ni kupima, kwa sababu bila kupima mtu hubaki na hisia. Jaza tenki mpaka pampu ijikate yenyewe, andika kilomita, endesha kama kawaida, kisha jaza tena kwenye kituo kile kile, ikiwezekana pampu ile ile, na ugawanye kilomita ulizotembea kwa lita zilizoingia. Rudia kwa miezi kadhaa, maana tenki moja halitoshi kusema lolote. Usijilinganishe na takwimu iliyokuwa kwenye tangazo la gari lilipotoka Japani. Nyingi za magari ya zamani zilitokana na kipimo cha maabara kiitwacho 10-15, ambacho kasi yake ya juu ilikuwa kilomita 70 kwa saa na kiyoyozi kikiwa kimezimwa. Vilevile zingatia mwinuko. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya Mombasa, na kulipandisha gari la kilo 1,500 kimo hicho pekee kunahitaji takriban lita tatu za petroli juu ya zile za umbali. Sehemu ya mafuta hayo hurudi wakati wa kushuka, iwapo dereva atashuka ndani ya gia na mguu ukiwa mbali na mafuta. Kwa hiyo ukitaka kujua gari lako linakula kiasi gani kwenye barabara hiyo, jaza tenki Mombasa, nenda Nairobi, rudi, ndipo ujaze tena na kupiga hesabu ya safari zote mbili kwa pamoja.